Msoma Namba wa Wifi Yangu

Mimi ni mhudumu wa pampu ya maji, na pia ni dada mtu. Kazi ya kwanza nalipwa mshahara; ya pili naifanya bure, na kwa bidii zaidi. Mdogo wangu alipooa, nilimkagua mkewe kama mnunuzi anavyokagua nyanya sokoni, nikimgeuza huku na huku kutafuta palipooza. Sikupaona. Hilo nalo likaniudhi.

Wifi yangu huyo sasa mtaa mzima unamwita Mama Mlingoti. Hufunga redio. Si redio za muziki na taarifa ya habari, la. Hizi zake ni visanduku vya chuma, kimoja hakizidi mkate mdogo, havisemi neno wala haviimbi. Vinarushiana tarakimu hewani. Kimoja unakiweka penye kipimo, kingine unamwekea anayetaka kujua kipimo kinasema nini. Mkaa chini anajua ya juu bila kupanda kilima.

Ufundi huo hakuja nao kwetu. Alikuwa akirekebisha simu kwenye kibanda cha bati kando ya barabara, mume ndiye aliyekuwa mtu wa milingoti. Mpaka siku kishikizo alichokikaza kwa mkono wake mwenyewe kiling'oka naye akaja nacho chini. Nyonga ilivunjika. Alilala kitandani miezi akitazama dari. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini wahenga hawakulala chumba cha pili wakasikia koleo lenyewe likilia. Mimi nililala, nikalisikia.

Asubuhi moja mkewe aliingia na redio mbili, akazipanga juu ya blanketi, pale mguu mzima ulipokuwa.

"Nifundishe," alisema.

"Nikufundishe nini?"

"Yote. Umevunjika nyonga, mdomo haukuvunjika."

Basi kitanda kikageuka karakana. Somo la kwanza lilikuwa antena kwanza, umeme baadaye, kwa sababu redio ikirusha bila antena nguvu haina pa kwenda, inarudi tumboni mwake na kuiunguza. Wifi alikariri vizuri sana, kisha siku ya pili akawasha redio bila antena. Ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua. Nilisimama mlangoni nikisubiri mdogo wangu afoke, maana redio zile hazikuwa za kuchezea. Alicheka. Alicheka hadi akashika nyonga kwa maumivu, na tangu aanguke sikuwa nimemsikia akicheka. Siku ile nilianza kumpenda wifi yangu, ingawa sikumwambia. Dada mtu hatoi vitu kwa haraka.

Masomo yaliendelea. Redio mbili lazima ziwe chaneli moja, namba ya mtandao moja na kasi moja. Kikikosea kimoja tu, zitakaa kama wake wenza walionuniana, kila moja na lake. Tena ukizijaribu juu ya meza, punguza nguvu, kwani watu wawili wakipigiana kelele masikioni hakuna anayesikia. Kupanda nako alijifunza humo humo chumbani, kwa fimbo ya ufagio na mkanda wa suruali, mwalimu akitoa amri kutoka kwenye mto.

Mdogo wangu aliinuka, lakini kwa mkongojo. Mkanda wa kupandia ukahamia kiunoni mwa mkewe. Kuanzia hapo waligawana kazi: mke hupanda, mume husoma namba.

Nieleze hapo, maana watu wengi hawaelewi na huongea wasiyoyajua. Antena ya redio hizi ina umbo la mifupa ya samaki, na lazima imtazame mwenzake wa ng'ambo sawasawa. Ikikengeuka kidogo, husikilizana kwa shida. Sasa aliye juu ya mlingoti anaigeuza, lakini yeye haoni kitu. Mawimbi hayana rangi. Anayeona ni aliye upande wa pili, mbele ya laptopu, ambako nguvu ya mawimbi huandikwa kwa namba. Namba hiyo ichukulie kama homa: ikishuka, ndiyo afya. Sabini na kitu ni mzima wa kukimbia. Themanini na kitu ana mafua, ila kazi anafanya. Tisini na kitu ni mgonjwa anayetembea, mvua ikimpiga ataanguka. Kwa hiyo wa chini husema namba kwa simu, wa juu hugeuza kidogo, namba tena, kidogo tena, mpaka wapate ile ndogo kuliko zote.

Walioona wakasema: mwanamume gani huyo, mke yuko angani naye kakaa kivulini? Mdogo wangu aliwasikia, akaendelea kusoma namba. Lakini mimi ninayemjua niliona kwamba kila siku ya kusoma namba alinyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi. Siku nyingine alishinda na vesti. Kusoma namba ndiko kulikokuwa kumebaki katika ufundi wake.

Zamu ya pampu yangu ikafika. Kisima kiko bondeni, tangi liko kilimani, na mimi wa kati sikuwa na namna ya kujua maji yamefika wapi ila kupanda mwenyewe kuchungulia. Nikichoka kupanda, nilijua tangi limejaa pale mwashi mmoja, aliyejenga nyumba chini ya tangi, aliponipigia kunitukana kwamba kuku wake wanaogelea. Idara ya maji ikaamua tufungiwe redio, na ikampa kazi wifi.

Waliziandaa mezani kwangu, wakakagua chaneli, wakakagua kasi, wifi akaunganisha antena kabla ya umeme huku akinikonyeza. Halafu akapanda kilimani na kibarua wa kumbebea vyuma, mume akabaki nami kwenye nyumba ya pampu, shati limenyooka, simu imewekwa sauti kubwa mezani.

Kazi ilianza kukiwa shwari. Wifi alipofika juu ya mlingoti, upepo ukaja, maana kilima kile hakina miadi na mtu. Mlangoni kwangu mtu huona hadi kileleni. Alionekana mdogo kama nguo kwenye kamba, na mlingoti ulikuwa unakwenda na kurudi. Najua alikuwa amejifunga mikanda miwili. Huwa hafungui mmoja kabla ya kufunga mwingine. Moyo haukusikia habari ya mikanda.

"Ngapi?" sauti yake iliuliza.

"Themanini na nne," mdogo wangu alijibu.

"Niendelee kulia?"

"Hapana, imetosha. Kaza, ushuke."

Akashuka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Sikuwa nimeitazama laptopu hata mara moja. Macho yangu yalikuwa kilimani.

Siku zilizofuata nilistarehe kama bibi harusi. Nakaa kitini, taa ya redio inakonyeza, kioo kinaniambia tangi limefika nusu, limefika robo tatu, limejaa, na pampu inajizima yenyewe. Mwashi alinipigia kuuliza kama naumwa. Kisha mvua ikanyesha. Miti ya mabondeni ikalowa majani, na majani mabichi yaliyolowa hunywa mawimbi. Taa ikawa nyekundu. Pampu ile ina amri moja: isipopata habari za tangi, isimame, tangi lisije likafurika. Ikasimama. Mvua ilikatika, majani hayakukauka, na siku ya pili mabomba ya mji yalikuwa yanatoa hewa. Watu walijaa getini kwangu na ndoo, wakinitajia mama yangu.

Nikamwita wifi na mumewe. Wifi alifungua laptopu, akakuta redio zinasikilizana kwa kudonoadonoa. Tisini na nane.

"Upepo umeigeuza antena," alisema, akaenda kilimani tena. Mumewe akakaa mahali pale pale. Niliona hajagusa chai.

Simu ikalia. "Baba watoto," sauti ya wifi ilisema, "nimepanda nikatazama, nimeshuka. Rangi haijahama."

Hapo panahitaji maelezo. Wifi akimaliza kukaza antena hupiga mstari mwembamba wa rangi unaoanzia kwenye kibanio na kuishia kwenye mlingoti. Antena ikisogea hata unywele, mstari unakatika. Mstari ulikuwa mzima. Maana yake antena ilikuwa pale pale ilipoachwa, na ugonjwa ulikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Njia ya mwongo fupi. Hii ilikuwa na urefu wa kidole.

"Siku ile ilikuwa ngapi?" wifi aliuliza.

Mdogo wangu alinitazama kana kwamba naweza kumjibia. "Tisini na tano," alisema.

"Ukaniambia themanini na nne."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unayumba. Mlingoti wote ulikuwa unayumba na wewe. Nilitaka ushuke."

Mimi ningekuwa yeye, ningemwaga matusi hadi betri iishe. Yeye alipozungumza, alisema taratibu, kama anayeongea na mtu anayetaka kulala.

"Nikiwa kule juu sina macho, mume wangu. Macho yangu ni wewe. Huruma yako naijua, sihitaji unioneshe kwa njia hiyo. Sasa napanda tena. Kama huwezi kunisomea kilichopo, sema tu, nitamwita mtu mwingine akae hapo, na sitakukasirikia. Lakini sitapanda kwa sauti nisiyoiamini."

Niliumia kwa ajili ya wote wawili. Akija mtu mwingine kwenye kiti kile, mdogo wangu anarudi nyumbani na vesti yake, na hakuna atakayempigia pasi shati tena. Naye wifi, nani wa kumlaumu? Mtu hawezi kuning'inia angani kwa maneno ya kubembelezwa.

Mdogo wangu alijifuta uso kwa kiganja. "Panda," alisema.

Alipanda. Na ule upepo, mkorofi kama shemeji mlevi, ulimsubiri hadi afunge mkanda wa pili, kisha ukaanza.

"Tisini na nane," mdogo wangu alisoma. "Tisini na sita. Tisini na sita. Endelea huko huko. Tisini na mbili."

Nikaenda mlangoni, nikaona, nikarudi. Alisoma tisini, akasoma themanini na saba. Majani ya mnazi wa jirani yalikuwa yamelazwa upande mmoja. Ilipofika themanini na nne, niliziba simu kwa kiganja.

"Mwambie imetosha," nilimnong'oneza. "Si ndiyo uliyosema mwenyewe siku ile? Sasa ni kweli. Mwambie ashuke, ndugu yangu."

Hakubishana nami. Aliuinua mkono wangu, akauweka pembeni kama mtu anayeondoa kikombe.

"Themanini na nne," alisema kwenye simu. "Bado, mke wangu. Kulia, polepole."

"Upepo umezidi," wifi alisema. Pumzi zake zilisikika.

"Nauona. Bado."

Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hakuyafuta, ila sauti ilikuwa ile ile, kavu, ya kusoma. Themanini. Sabini na saba. Sabini na nne. Sabini na moja. Sabini na tatu, umepita, rudi kidogo. Kidogo tena. Sabini na moja.

"Hapo," alisema. "Kaza."

Na wifi alipokuwa anakaza, mumewe hakuacha kusoma, kwa sababu kukaza nako huweza kuisogeza. Sabini na moja, sabini na moja, sabini na moja, hadi wifi akasema mstari wa rangi umeshapigwa na anashuka. Hapo ndipo mdogo wangu alipoegemea ukuta na kufumba macho.

Wifi alifika nyumba ya pampu nywele zimejaa vumbi, alama za mikanda mabegani. Laptopu ilikuwa wazi mezani, imeelekea mlangoni, na namba ni kubwa, hata mimi nisiye na miwani niliisoma nikiwa nimesimama. Nilingoja aitazame. Mtu yeyote angeitazama. Alipita mbele yake bila kuitupia jicho, akakaa kwenye benchi kando ya mumewe, akamwambia mikono imekufa ganzi.

Mdogo wangu aliichukua yote miwili akaanza kuisugua. Mimi nikasema nakwenda kuwasha pampu, ambayo muda wote huo ilikuwa imekwisha kujiwasha yenyewe.