Redio ya Jikoni

Mtaani walimwita Bi Brashi, naye hakuchukia. Mkobani mwake hamkukosa brashi laini, pamba na chupa ya spiriti. Alipita nyumba hadi nyumba akisafisha runinga, redio na feni, akitania kwamba vumbi ndilo mume wake: ukilifukuza, kesho limerudi.

Siku moja aliitwa na nesi mstaafu. Dada yake nesi alikuwa amefariki, akamwachia nyumba pamoja na redio kubwa iliyokaa miaka mingi kwenye rafu ya jikoni. Bi Brashi aliichomoa kwenye umeme, akaifungua mgongo. Ndani, mafuta na unga vilikuwa vimegandamana.

"Marehemu alikuwa akikanda huku anasikiliza," nesi alisema. "Akitaka kuongeza sauti, hata hanawi."

"Jiko ni adui wa redio, mama. Iweke sebuleni, uifunike," Bi Brashi alimwambia alipomaliza kuisafisha.

Nesi akafanya hivyo. Wiki haikuisha akapiga simu: redio inakwaruza.

Bi Brashi alipoifungua, aliweka brashi chini. Unga ulikuwa umejaa tena, mweupe, mkavu, kama uliochekechwa asubuhi ile.

"Mama, siku hizi unakanda?"

"Kwa baridi yabisi hii, mwanangu? Vidole vyenyewe havikunjiki. Tangu msiba hamjaingia unga humu."

Aliisafisha upya, akapitisha pamba ya spiriti kwenye kitufe cha sauti mpaka kikang'aa, akaifunika. Wakaenda wote wawili uani kunawa. Waliporudi, kitambaa kilikuwa vilevile. Alipokiinua, kwenye kitufe palikuwa na alama za vidole viwili. Unga mbichi, bado una maji.

Bi Brashi akanyoosha pamba.

"Usifute." Nesi alimshika mkono, machozi yakimlengalenga. "Anaitafuta. Sisi ndio tuliomhamishia."

Ufundi wote wa Bi Brashi ulimkataza, lakini hakubisha. Waliibeba, huyu huku na huyu kule, wakairudisha rafuni. Nesi akaiwasha, akaigeukia meza tupu.

"Haya dada, hii hapa."

Miezi ikapita. Bi Brashi alipopitia kumjulia hali, alimkuta nesi akikaanga, moshi wa mafuta umetanda jiko zima. Akaifungua redio akitarajia balaa. Ndani kulikuwa kusafi, waya zinametameta kama za dukani, ingawa yeye hakuwa ameigusa tangu siku ile.

Alikaza skrubu harakaharaka, akabeba mkoba.

"Umeona nini?" nesi aliuliza.

"Hakuna kitu, mama."

Na kweli hakukuwa na kitu. Ndicho kilichomtoa mbio.