Karani Asiyegawanyika

Karani wa masjala alikuwa na mengi ya kujivunia: mke mwenye subira, watoto watatu, na miaka thelathini na moja bila kupoteza jalada hata moja. Lakini hayo hakuyajali. Alijivunia namba yake ya kazi, 1,022,117, ambayo kwa maelezo yake ilikuwa namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Sifa hiyo aliigundua ujanani, kwa penseli na migongo ya fomu zilizoharibika. Alijaribu mbili, tatu, tano, saba, akapanda hivyo hivyo kwa miezi minne hadi elfu moja. Hapo akaweka penseli chini. Namba iliyokataa kugawanywa mpaka hapo, alisema, ni namba yenye heshima zake, na kuzidi kuihoji ni utovu wa adabu.

Tangu siku hiyo ofisini hapakukalika. Mhasibu, ambaye namba yake iliishia na nne, aliambiwa mbele za watu kwamba mtu anayegawanyika kwa mbili hafai kupewa siri. Mama wa chai, ambaye yake iliishia na tano, alibatizwa Nusu ya Kumi. Hata mkewe alionywa asibishane na mume asiyegawanyika. Mama mkwe naye akasikia kwa majirani kwamba mkwewe anajitangaza kuwa tasa. Alifunga safari, akamvuta binti yake pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini wale watoto watatu ni wa nani.

Alipokaribia kustaafu, karani aliagiza kibao cha shaba kilichochongwa "Mtumishi Asiyegawanyika". Wiki ya sherehe akaingia jikoni kukagua vikombe. Mama wa chai akamuuliza kwa upole, katika kugawanya kwake, alikomea wapi.

"Elfu moja," akajibu. "Inatosha."

Mama wa chai akaendelea kupanga vikombe.

Siku ya sherehe mkurugenzi alikisoma kibao, watu wakapiga makofi ya adabu. Karani akauliza kama kuna mwenye neno. Mama wa chai akatua sinia mezani.

"Mzee, mimi nilianzia pale ulipoishia," akasema. "Elfu moja na tisa mara elfu moja na kumi na tatu. Jibu ni wewe."

Karani akachukua karatasi ya kufutia mikono, akazidisha. Akarudia mara ya pili, na ya tatu, akitumaini hesabu itamwonea haya mtu mzima. Kila mara alijikuta yeye mwenyewe pale chini ya mstari. Miezi minne ya kupanda, na alikuwa amebakiza hatua tisa tu. Alijiona kama mtu aliyevuliwa koti mbele ya wakwe na shati ndani limechanika. Mhasibu ndiye aliyeanza kucheka; kicheko hicho alikuwa amekiweka akiba miaka mingi, na alikitoa chote.

Watu walipoanza kutawanyika, karani alikwenda kusimama kwenye mlango wa jikoni. Kwa mara ya kwanza alimwita mama wa chai "mama", kisha akamuuliza kazi ile ilimchukua siku ngapi.

"Asubuhi moja tu, mzee," akasema, mikono ikiwa ndani ya beseni la vyombo. "Maji yalichelewa kuchemka."