Kamati ya Vinywaji

Siku niliyoamua kuacha pombe, niliungama ulevi wangu mbele ya kamati ya harusi. Tena sikuwa nimelewa. Ningekuwa nimelewa, angalau ningekuwa na kisingizio.

Mimi ni mtu wa ndani. Nashona mapazia chumbani kwangu hapa Kariakoo, na nilijua mtaa unanisifu: mtulivu, hana makundi, hakai baa. Baa ya nini, wakati vichupa vyangu nimevilaza vizuri katikati ya majora ya kitambaa? Nilijiona mjanja mpaka nilipomshonea mteja pazia kichwa chini miguu juu, maua yote yanaota kuelekea sakafuni. Mke wangu akaliangalia pazia, akaniangalia mimi, akafungasha.

"Naenda kwa kaka yangu na watoto," alisema. "Nenda kakae na wenzako wanaoacha. Ukiacha kweli, nitarudi. Na usinipigie wewe kuniambia, maana wewe ni mwongo. Nitamuuliza jirani."

Jirani ni mama wa chumba cha mbele, mtu mzima, kazaliwa nyumba hii hii, na hamung'unyi maneno. Nikajua kwisha habari yangu.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenielekeza wanakokutana hao wanaoacha: Mchafukoge, kwenye jengo lenye duka la vitambaa chini, Jumamosi alasiri. "Ukifika muulize mlinzi." Nimuulize mlinzi! Yaani nisimame katikati ya wabeba mizigo niseme, "Samahani kaka, walevi wako wapi?" Nikaona bora nitumie akili yangu ya kidato cha nne. Nikajibanza pembeni kusubiri watu wenye sura za kilevi. Wakatokea wanaume wawili, matumbo mbele, macho mekundu, wanacheka. Nikasema moyoni, ndugu zangu hao. Nikawafuata kwenye ngazi hadi juu.

Ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki, soda, na mwenyekiti mwenye sauti ya kipaza sauti bila kipaza sauti. Watu wakarimu, hawaulizi mengi, kama muuguzi alivyoniahidi.

"Wageni wasimame wajitambulishe," mwenyekiti akasema. "Msione haya, hapa sote ni ndugu."

Nikasimama. Nikataja jina langu. "Mimi ni mnywaji," nikasema. "Nakunywa nyumbani, peke yangu, asubuhi na jioni. Bia naijua, mvinyo naujua, kali ndiyo usiseme."

Wakatazamana. Halafu makofi.

"Mnaona sasa!" mwenyekiti akapaza sauti. "Mtu mkweli huyu! Tangu tuanze vikao tunatafuta wa kuongoza kamati ya vinywaji, nyie wote mnakimbilia chakula!"

"Lakini mimi nataka kuacha."

"Utaacha baada ya harusi, kaka. Haraka ya nini?"

Dada mmoja mwenye miwani akaniuliza kwa upole kama niko upande wa bwana harusi au wa bibi harusi. Nikajibu niko upande wa mke wangu. Nikapigiwa makofi tena. Nikaaga kwamba naenda chooni, nikashuka ngazi nikiwa mwenyekiti wa kamati, cheo changu cha kwanza tangu nilipokuwa kiranja wa usafi sekondari.

Mlinzi alinitazama nikishuka. "Wamekupa vinywaji, eti?" akasema. "Wenzako wako huku nyuma ya duka. Mnaona aibu kuniuliza, mnaishia harusini."

Nyuma ya duka nilikuta watu wachache, chupa ya chai na sahani ya vitumbua. Hakuna tumbo, hakuna jicho jekundu. Mmoja alifanana na mwalimu wa hesabu, mwingine na shangazi yangu. Nilipowasimulia ya huko juu, yule wa kufanana na shangazi alicheka mpaka kitumbua kikamponyoka.

"Mimi walinipa mapambo," alisema. "Nilikuwa nimevaa vizuri." Kisha akafuta macho, akaniuliza, "Leo umekunywa?"

"Bado."

"Bado, au hapana?"

Nikakosa pa kuweka mikono. "Hapana," nikasema.

"Basi kaa. Chai hiyo hapo."

Nikawa naenda kila Jumamosi. Vichupa nilivimwaga chooni, na roho ikaniuma kama nimezika mtu. Uzi ulikataa tundu la sindano, na nyumba niliyodhani ni tulivu kumbe kila chumba kina redio. Mara moja niliteleza. Jumamosi yake nikaenda, nikasema. Hakuna aliyenifukuza wala kunipa cheo. Walinimiminia chai.

Jioni moja nimetoka kununua uzi, nikakuta viatu vya watoto vimetapakaa mlangoni kwangu, na ndani sauti ya mama yao inauliza nani kaunguza sufuria. Nilisimama pale nikashindwa kuingia. Jirani alikuwa kibarazani anachambua mchele. Nikamuuliza amemwambia nini mke wangu.

Hakuinua hata macho kwenye ungo. "Nimemwambia arudi. Ulipokuwa mlevi ulikuwa na adabu wewe, shikamoo haziishi, mpaka ukuta ulikuwa unauamkia. Siku hizi unanipita hapa kama gunia, nikajua huyu sasa hanywi."