Barua Niliyoandika Mwenyewe

Katika kiwanda cha kahawa pale Goma, sisi wachaguzi wa punje tulikuwa wanawake watupu. Siku moja mama mpya anayesimamia wafanyakazi alitangaza kwamba anatafuta mkaguzi wa magunia, na anayetaka aandike barua. Niliitaka sana nafasi ile. Miaka yote alipewa mutu wa ofisini ambaye hajawahi kuchagua punje hata moja.

Wenzangu walimwendea sekretere, karani wa ofisi. Akawaandikia wote barua ileile ya Kifaransa, akibadilisha majina tu, kisha akajiandikia na yake. Mimi niliketi kwenye ngazi na kalamu yangu. Nimesoma shule ya msingi tu, naandika polepole.

"Mudogo, unaandika ao unachonga?" sekretere alinicheka. "Leta nikusaidie. Barua ya kazi haiandikwi mu Kiswahili."

Nina haya, hata salamu naitoa kwa sauti ndogo. Lakini nilimjibu, "Papa, acha. Punje iliyooza unaijua, weye?"

Wamama wakaangua kicheko. Nikaendelea kuandika namna vidole vyangu vinavyotambua punje mbovu kabla ya macho kuiona.

Jioni mama msimamizi alitukusanya, barua zikiwa mkononi, na yangu pia. "Hizi zote, isipokuwa moja, zimetoka kwa mutu mumoja," alisema. "Kesho kila aliyeomba atachagua kahawa mbele yangu. Sekretere pia."

Nikainua mkono kwa mara ya kwanza tangu niingie kiwandani.

"Mama, kahawa iko hapa. Kwa nini tungojee kesho?"