Majeruhi wa Kuigiza, Msitu wa Ainabkoi

Mwanaume alikuwa anazimika chini ya mti, na mwalimu wetu alikuwa anamsifu kwa kuigiza vizuri.

Sikuambiwa na mtu. Nilikuwa hapo, magoti kwenye tope, mkono wangu kwa shingo yake.

Naitwa Nabwire. Nafanya kazi hapa Eldoret, kwa kampuni ndogo ya kutembeza wageni misituni na huko chini bondeni Kerio. Miaka mitatu nimekuwa karani, napokea simu na kujaza makaratasi huku roho yangu iko nje na waongozaji.

Mwaka jana bosi wetu, Ephantus, akasema hakuna mtu atatoka na wageni bila cheti cha huduma ya kwanza ya porini. Si ile ya mjini, unafunga kidonda ukingoja ambulensi. Hii ni ya mahali simu haishiki na gari liko mbali.

Nikamwomba aniweke kwa orodha.

"Sawa," akasema. "Lakini kazi ya ofisi isilale."

Basi siku tano hizo niliishi kama watu wawili. Asubuhi mapema ofisini, halafu mbio darasani, jioni tena ofisini. Wenzangu wakienda kupumzika, mimi narudi kwa dawati.

Mwalimu alikuwa anaitwa Thuo. Anajua kazi yake, siwezi kumnyima hiyo. Lakini manze, huyo mtu alinichosha. Unafunga kombeo la kuning'iniza mkono uliovunjika, anapita, analifungua, anaenda zake. Hakuambii umekosea wapi. Na mimi hakuwahi kuniita jina.

"Ofisi, umelegeza."

"Ofisi, harakisha."

Nikameza. Nilikuwa nataka hicho cheti kuliko nilivyotaka kumjibu.

Siku ya mwisho ilikuwa mtihani wa vitendo, ndani ya msitu upande wa Ainabkoi. Kutoka mahali tuliacha gari ni karibu saa nzima kwa miguu.

Majeruhi wetu alikuwa Mulongo, dreva wa kampuni. Ni mtu wa makamo, kwao ni Bungoma kama mimi, na mimi humwita Baba Linah. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kulala chini, kushika mguu na kulia kama mtu ameanguka kutoka kwa mwamba.

Damu nilipika mimi. Sukari nyingi, maji kidogo, rangi nyekundu ya keki. Ikawa nzito kabisa, nikaitia kwa chupa ya kechapu.

Kulikuwa na makundi matatu. Mvua ikanyesha, mambo yakachelewa. Saa saba ikafika, hakuna mtu ameweka kitu mdomoni.

"Mtakula mkimaliza," Thuo akasema.

Kundi letu lilikuwa la mwisho. Mimi ndiye kiongozi, na karibu yangu alikuwa Kipngetich, mwongozaji wetu wa miaka mingi. Tukapiga magoti.

"Baba Linah, unanisikia? Umeumia wapi?"

Alitakiwa kusema mguu. Aliyafanya hayo vizuri kwa makundi mawili ya kwanza.

Akasema, "Gari... nani amehamisha gari?"

Thuo akaandika kwa daftari lake. "Safi sana, Mulongo. Majeruhi amechanganyikiwa. Ofisi, unafanya nini?"

Nikaweka mkono kwa uso wake. Maji. Nikajiambia ni mvua. Nikafungua jaketi, nikaingiza mkono hadi kifuani, na huko ndani ambako mvua haikufika alikuwa amelowa, baridi kama samaki wa friji. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka.

Kipngetich akajaribu kushika mguu aufunge. Mulongo akarusha mkono, akamgonga mdomoni. Wasee waliokuwa wamesimama wakacheka.

"Mwalimu, hii si mazoezi," nikasema.

"Kila kundi husema hivyo. Endelea."

"Ana jasho baridi. Jasho mtu haigizi."

"Tulikubaliana na yeye neno la kusema akiwa mgonjwa kweli. Amelisema?"

"Hajui hata gari liko wapi. Hilo neno atalikumbuka na nini?"

"Ofisi, dakika zako zinaisha."

Nikaangalia chini. Baba Linah alikuwa amefunga macho.

Siku tano nilikuwa nimenyamaza. Hapo nikasimama.

"Nimesimamisha mtihani."

"Ukisimamisha umeanguka," Thuo akasema.

"Basi nimeanguka."

Tukamgeuza alale kwa ubavu. Alikuwa anapumua. Nikamwita, akafungua jicho moja, akalifunga. Hajala tangu asubuhi, jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupigana na watu. Tulikuwa tumesoma hiyo siku ya tatu.

"Ni sukari imeshuka," nikamwambia Kipngetich. "Kuna nani ana soda? Peremende?"

Watu wakajipapasa mifuko. Hakuna. Chakula chote kilikuwa kwa gari.

Ndipo nikaona ile chupa ya kechapu kwa nyasi.

Nikapaka kidole, nikaingiza ndani ya shavu lake, nikasugua kwa ufizi. Tena. Tena.

Thuo akapiga magoti kando yangu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Usimimine, atapaliwa. Kidogo kidogo hivyo hivyo. Mimi naangalia pumzi." Akamtuma mmoja akimbie hadi kwa gari alete soda, wengine wakakata miti miwili na kuvua majaketi watengeneze machela.

Sijui tulikaa muda gani. Mimi niliona kama siku nzima. Halafu akameza. Akalamba mdomo.

"Hii ni nini tamu hivi?"

"Ni ile damu yako ya uongo, mzee," Kipngetich akasema, mdomo wake ukiwa bado umevimba.

Hakuna aliyecheka. Tukambeba. Njiani tukapatana na soda, akanywa polepole, na hospitalini Burnt Forest akaingia akitembea huku ameshikwa mkono. Daktari akamuuliza maswali mawili tu. Ana kisukari, miaka minane sasa. Asubuhi hiyo alijidunga insulini yake ya kushusha sukari kama kawaida, akangoja chakula ambacho hakikuja.

Hasira ikanipanda upya. Nikakaa kando ya kitanda.

"Baba Linah, kwa nini ulituficha kitu kama hii? Ungekufa kwa mikono yangu."

Akaniangalia usoni.

"Wacha tu, Nabwire," akasema. "Yameisha."

Hayakuwa yameisha. Jumatatu Ephantus akaniita. Alikuwa ameandika kwa mkono barua ya kumfuta kazi Mulongo.

"Dreva anabeba wageni na amedanganya juu ya afya yake," akasema. "Piga chapa hii, nitie sahihi. Fomu yake ya afya, ile ya kozi, hii hapa, ona. Kila mahali ameandika hapana."

Nikachukua fomu.

Ugonjwa wa moyo, hapana. Pumu, hapana. Kisukari, hapana.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Nikakumbuka asubuhi ya siku ya kwanza ya kozi. Thuo alikuwa anataka fomu kabla ya darasa kuanza. Zilikuwa kumi na moja, na mimi nilikuwa nimechelewa na nimechoka na watu. Nikajaza zote hapana kutoka juu hadi chini, nikazipeleka huko nje watu watie sahihi. Mulongo alikuwa chini ya gari anafunga nati. Akapangusa mkono, akatia sahihi bila kusoma, kwa sababu ni mimi nilileta.

Nikamwambia Ephantus ukweli wote, nikiwa nimesimama. Akairarua barua ile, halafu akaandika nyingine ya onyo. Yangu.

Jioni nikaenda kwa Mulongo. Nilimkuta nje anapiga viatu rangi.

"Ulijua ni mimi nilijaza," nikasema.

"Nilijua."

"Na ungeacha wakufute?"

Akainua mabega. "Wewe ndio umeanza kutoka hapo kwa dawati. Ningeanzaje kukurudisha?"

Nikachuchumaa kando yake.

"Lakini Nabwire," akaongeza, bila kuinua macho kutoka kwa kiatu, "ungeniuliza, ningekuambia. Hiyo kitu sijawahi kumficha mtu."

Thuo hakunipa cheti. Mtihani haukuisha, akasema, na sheria ni sheria. Nilirudia kozi nzima mwezi wa tatu, na bado hilo linaniuma. Ila yeye siku hizi anasimamisha mazoezi kila baada ya saa moja ili watu wale kitu, na mimi ananiita Nabwire.

Mulongo bado anaendesha gari letu. Daktari alimpima, akamwandikia barua, na anabeba glukosi kwa mfuko wa shati.

Kwa siku nyingi nilimlaumu mwalimu, nikamlaumu bosi, nikamlaumu mgonjwa mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na kosa lake, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kalamu. Kama kazi yako ni kupeleka watu mbali na hospitali, mkague mtu kabla hamjatoka, na umkague kwa kumuuliza. Macho kwa macho: jina lake, ugonjwa wake, dawa yake, amekula saa ngapi. Inachukua dakika mbili. Mimi sikuwa nazo asubuhi ile, ama nilijiambia sina.