Doti ya Kanga Iliyokwenda Mkange kwa Baiskeli

Safari hii haikuwa yangu. Nalisema mapema, kwa sababu wenzangu wa klabu yetu ya baiskeli hapa Tegeta wameniomba niisimulie, na kila ninapoanza najiona kama nimevaa nguo ya mtu. Ilikuwa safari ya Mama Kulwa. Mimi nilikwenda kwa sababu yeye alikwenda, ndivyo tulivyokuwa kwa kila jambo.

Kwa asiyetujua, mimi ni Mwajuma, Mzaramo wa Kerege, fundi cherehani. Mama Kulwa ni Mnyamwezi wa Tabora, mwalimu mstaafu, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na utani huo hatukuuanzisha sisi, tumeukuta. Babu zake waliteremka pwani na mizigo kichwani, babu zangu wakawapokea, na tangu hapo ni kutukanana tu bila mtu kununa. Kwangu aliingia bila hodi, akafunua sufuria, akajipakulia, halafu akaniambia mchuzi hauna chumvi. Kwake nami nilifanya vivyo hivyo. Katika nyumba ile sikuwahi kukaribishwa kiti, nilijivutia mwenyewe. Hata jina hakuniita. Nilikuwa "mtani" akiwa na furaha, na "gunia la mpunga" akiwa na furaha zaidi. Baiskeli zenyewe tulianza kuzinyonga baada ya daktari kutuambia tupunguze uzito, nami nikampa jina la lori la Tabora.

Klabu ilipotangaza msafara wa hisani, siku mbili kutoka Tegeta hadi Mkange kupitia Bagamoyo, kuchangia wodi ya wazazi ya zahanati ya kule, Mama Kulwa alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Jioni ile akaja dukani kwangu, akakaa karibu na cherehani, akanieleza jambo ambalo miaka yote ya utani wetu hakuwahi kulitaja. Ualimu wake aliuanzia Mkange, akiwa binti mdogo. Uchungu ulimshika masika, magari hayapiti. Wakamkalisha kwenye keria ya baiskeli, mumewe akisukuma kwenye tope, waelekee Bagamoyo. Hawakufika. Pacha walizaliwa njiani. Kulwa alilia, Doto hakulia. Doti ya kanga aliyokuwa ameiandaa ilikatwa pale pale barabarani, kipande kimoja akafunikwa Kulwa, kipande cha pili akazikiwa Doto, chini ya mkorosho nyuma ya nyumba za walimu. Baadaye yeye akahamishwa kikazi, na tangu hapo hajarudi.

"Kanga ile sikuikata mimi," alisema. Akatoa kwenye mfuko doti mpya, ya rangi ya zambarau, bado haijatenganishwa. "Hii nataka niikate mwenyewe, mlangoni pa wodi. Wapewe pacha wa kwanza watakaozaliwa pale."

Nami, kwa mdomo wangu huu, nikasema nini? "Mnyamwezi na mkasi wapi na wapi! Utaipinda hiyo. Iache nikukatie, fundi ni mimi."

Alinichapa mkono kwa ile kanga, tukacheka mpaka wateja wakachungulia.

Jumamosi alfajiri tuliondoka Tegeta, kofia ngumu kichwani, fulana za njano zimetubana matumbo. Gari la huduma lilikuwa nyuma yetu na muuguzi, maji na pampu. Mpaka Bunju tulikwenda kwa kujibana pembeni maana malori ya mchanga hayana adabu. Baada ya hapo hewa ilibadilika, ikaja ile harufu ya nyasi mbichi na moshi wa mkaa, watoto wakawa wanatushangilia barabarani. Mama Kulwa alinyonga mbele yangu. Kanga ameifunga kwenye keria, ndani ya mfuko wa nailoni, na kila tulipopita shimo aligeuza mkono nyuma akaipapasa.

Kupanda Mapinga akaanza kupunguza mwendo. Nilipomfikia alikuwa anahema kwa mdomo.

"Mtani, andaa sanda," akasema. "Leo unanizika."

"Nikuzike wapi? Udongo wa Wazaramo haupokei wapagazi. Nyonga hiyo!"

Hayo yalikuwa maneno yetu ya kila siku. Watani huzikana, na huahidiana kuzikana, na mtu hawezi kushtuka kwa hilo. Alicheka, nikacheka, tukaupanda mlima.

Kerege tulisimama kunywa chai. Sasa pale ndipo nyumbani. Muuza chapati namjua, wanaokaa kijiweni nawajua, na kila mmoja alikuwa anapiga kelele, "Mwajuma huyo, kaja na baiskeli!" Nilivimba kichwa, sifichi. Nimesimama katikati na kikombe mkononi, nasimulia kwa sauti, wanavunjika mbavu. Mama Kulwa alikuwa ameketi kwenye benchi, chapati yake hajaigusa. Akanishika mkono.

"Mwajuma," akasema, "kichwa kinanigonga. Na vidole hivi vya kushoto sivisikii vizuri."

Aliniita Mwajuma. Najiuliza mpaka leo masikio yangu yalikuwa wapi. Mtu ambaye hajawahi kuniita kwa jina langu ananiita kwa jina langu, na mimi nimegeukia hadhira.

"Jamani njooni mwone!" nikasema. "Mababu walitoka Tabora kwa miguu na pembe za ndovu mabegani. Huyu katoka Tegeta kwa baiskeli ya giya, vidole vimekufa ganzi! Mpagazi gani huyu?"

Kijiwe kizima kikacheka. Muuza chapati akapiga makofi. Na Mama Kulwa, mtani wa kweli, naye akacheka. Angefanyaje? Kukasirikia utani ni aibu, na kushindwa na Mzaramo kwao Mzaramo ni aibu zaidi. Akavaa kofia yake, akanijibu kwamba tutaona nani atalia wa kwanza, akapanda baiskeli. Gari la huduma lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye lile benchi, mlango wazi, muuguzi anakula embe.

Bagamoyo tuliingia alasiri. Wenzetu wengi walilala kwenye hosteli, mimi nikamchukua Mama Kulwa kwa mama yangu mdogo, Bi Sikudhani, anayekaa Magomeni ya hapo hapo Bagamoyo. Alitupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akatandika mkeka uani.

"Shikamoo mama," Mama Kulwa alimwamkia, ingawa umri wao haupishani sana.

"Marahaba mwanangu. Karibu, jisikie kwenu."

Alikula matonge mawili akanawa. Bi Sikudhani akanitazama, uso umemsawajika. "Mwenzio mbona hali? Au mchuzi wangu haukumpendeza?"

"Anadeka tu huyo, mama. Anataka ugali wa kwao."

Mama Kulwa akatabasamu upande mmoja. Nilidhani ananibeza.

Jumapili asubuhi tulishika njia ya Makurunge. Tuliuvuka Ruvu jua halijakuwa kali, na mbele yetu mashamba ya miwa yakatandaa kijani mpaka macho yanachoka. Wengine walisimama kupiga picha. Mama Kulwa hakusimama. Alikuwa ametoa ile kanga kwenye keria, ameifunga kiunoni na mfuko wake, na ananyonga kimya. Nilimchokoza mara mbili, hakujibu. Nikasema moyoni kwamba leo kanuna Mnyamwezi, nikafurahi kwamba nimemshinda, nikatangulia. Toba! Nilitangulia.

Tulipoiacha ile barabara kubwa na kuelekea kaskazini, kuna mahali lami inakatika unaanza mchanga. Nilisikia mtu akiita nyuma. Kugeuka, naiona baiskeli yake inatoka njiani polepole, inaingia kwenye nyasi, naye anashuka nayo kama mtu anayekaa kitako kupumzika. Nilikimbia. Nilipomfikia, mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kushoto umelala tu. Nikamwita mtani, mtani, mtani. Muuguzi alimtazama mara moja tu, akasema afikishwe hospitali sasa hivi.

Wakati wanampandisha garini alinishika kwa mkono wa kulia, akausukuma ule mfuko kifuani kwangu.

"Kanga yangu," akasema. Maneno yalitoka mazito.

"Nitaifikisha," nikamwambia. "Wallahi nitaifikisha."

Kiongozi wa msafara alisema gari halina nafasi ya zaidi ya mgonjwa na muuguzi, na kwamba Kulwa amekwisha kupigiwa simu, yuko njiani kuja Bagamoyo. Nami nikakubali upesi, maana nilikuwa na ahadi ya kutimiza. Mtu akikosa mara moja hutafuta kazi ya kufanya haraka haraka, aonekane ana faida.

Kutoka pale hadi Mkange sikumbuki mengi. Wami tuliuvuka, hilo nalijua, na vumbi lilikuwa jekundu, na mvulana mmoja aliyebeba mkaa kwenye baiskeli isiyo na breki alitupita sote akatusalimia kwa adabu. Nililia kwenye mteremko ambapo hakuna wa kuniona.

Mkange walitupokea kwa vigelegele na maji ya madafu. Wodi ilikuwa imekwisha kuezekwa, madirisha bado. Mkunga wa zahanati, Bi Zuhura, mwanamke mnene mchangamfu, alituzungusha vyumba vyote, akatuonyesha mahali vitanda vitakapokaa. Nikamtolea ile doti, nikamweleza habari za Mama Kulwa, na Doto, na pale barabarani. Alifuta macho kwa ncha ya mtandio wake.

"Mungu mkubwa," akasema. "Na wewe ni fundi, si ndiyo? Basi tukate hapa hapa mlangoni, kwa niaba yake. Mkasi huu."

Watu walikuwa wamekusanyika, simu zimeinuliwa juu. Nikaushika mkasi. Katika kazi yangu nimekata kanga zisizo na hesabu, mkono hautaki hata kuamrishwa. Ulipita katikati sawasawa, hata uzi mmoja haukuvutika. Vigelegele vikapigwa tena. Nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Jioni nilikwenda nyuma ya nyumba za walimu kuutafuta ule mkorosho. Ilikuwepo mikorosho minne. Niliuliza, hakuna aliyejua. Walimu wote ni wapya. Aliyejua alikuwa kitandani Bagamoyo. Nikasoma Fatiha katikati ya minne, nikaomba ifike inakotakiwa.

Jumatatu tulirudi kwa gari, baiskeli zimepangwa juu, yake pia. Bagamoyo tulikuta amehamishiwa Dar. Wakati tunapita Kerege yule muuza chapati alinipungia mkono, akapaza sauti, "Mpagazi wako yuko wapi?" Nikajifanya sijasikia.

Siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani nilikwenda. Kulwa ndiye aliyenifungulia, maana safari hii nilipiga hodi. Mama Kulwa ameketi kwenye kochi, mdomo umerudi mahali pake, mkono wa kushoto umewekwa juu ya mto. Maneno yake yalikuwa yamenyooka kabisa. Daktari amesema baiskeli basi.

Nilimsimulia yote: wodi, vigelegele, Bi Zuhura alivyofuta machozi. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama ile ya mlangoni kwa muda mrefu.

"Nani aliikata?"

"Mimi," nikasema. "Mkunga aliniomba. Nimeikata vizuri, haikupinda."

Nilingoja anirushie mto. Nilingoja aniite mwizi, mchawi, gunia la mpunga, anilaani mimi na ukoo wangu wote wa Kerege. Utani una dawa yake humo humo. Angenitukana pale, ningepiga magoti nikatubu huku nacheka, tukamaliza. Yeye alinirudishia simu kwa mkono mmoja ulio mzima.

"Umefanya vizuri," akasema. "Asante sana, Mwajuma."

Wanasema majuto ni mjukuu, lakini wangu huyu hakungoja hata kuzaliwa kwa mama yake. Nilijifunza mengi katika safari ile, jinsi ya kunyonga mchangani, jinsi ya kunywa maji kidogo kidogo, na haya nitawafundisha wanaojiunga na klabu. Lakini lile moja kubwa nililijua tangu utotoni, nililisahau tu kwa kupenda kuchekesha watu: mtani naye huumwa, na siku akikuita kwa jina lako acha kucheka umsikilize. Natamani nirudi kwenye lile benchi la Kerege, niweke kikombe chini.

Pale sebuleni nilijaribu, hata hivyo. Nilikusanya nguvu nikasema, "Haya lori la Tabora, amka basi, mizigo inakusubiri bandarini."

Alitabasamu, tabasamu zuri la kiungwana, lile tunalowapa watu tusiowazoea. Kisha akageuza uso kuelekea jikoni, ambako mimi nimejipakulia mara ngapi sijui.

"Kulwa," akaita, "mletee mgeni kiti. Na chai."