Munkoyo Bila Sukari

Mi sikuzaliwa na subira, na mume wangu alilijua hilo kabla ya kunioa. Alikuwa karani wa mgodi hapa Kolwezi, Wabelgiji wangali wanatawala. Ugonjwa wa sukari ulipomshika, kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu kikakataa kupona. Daktari akatuambia wazi: sukari isiposhuka, mguu utakatwa.

Basi, nikajifunga kibwebwe. Sukari yote ya posho niligawia majirani. Bukari, ugali wetu, nikampimia bonge moja lisilozidi ngumi ya mtoto, pembeni sombe ya majani ya muhogo na samaki. Kwa chai yake, hospitali ilitupatia kikopo cha sakarini, vidonge vidogo vitamu kupita kiasi.

Akilalamika njaa, nilimpa munkoyo. Uji wa mahindi niliutia mizizi iliyopondwa, nikauacha ulale mpaka uwe mwepesi wa kunywa. Alfajiri niliuchuja. Zamani nilimalizia kwa sukari. Sasa nilimalizia kwa sakarini, vidonge sita kwa kibuyu. Nilijiona fundi kweli.

Kila Jumatatu munganga wa zahanati alichemsha mkojo wa mume wangu pamoja na dawa ya buluu. Ikibaki buluu, tumepona. Ikigeuka rangi ya tofali, sukari ipo. Wiki tatu mfululizo ikawa tofali.

Nikamgeukia mume wangu palepale njiani, watu wanasikia.

"Weye tata, unakulaka sukari kwa barafiki yako! Unataka batoto bakuone na mguu moja?"

"Hapana, mama. Mi sikuli."

"Uongo!"

Nilimpekua mifuko. Nilimnusa mdomo kama mtoto aliyeiba karanga. Hasira ilinizidi kwa sababu nilikuwa naogopa.

Wiki ya nne munganga akaniuliza mume wangu anakunywa nini. Nikajibu kwa maringo: munkoyo wangu, hauna hata chembe ya sukari, sakarini tupu.

Akaiweka chini ile chupa ya dawa ya buluu. "Mama, munkoyo ni mahindi. Ile mizizi yenyewe ndiyo inageuza unga kuwa sukari. Sakarini haiondoi kitu, inaongeza utamu tu."

Mama yangu! Kumbe mwizi niliyekuwa namtafuta ni mkono wangu mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikamwaga kibuyu chote nyuma ya jiko.

Baada ya wiki mbili ile dawa ilibaki buluu. Kidole kimoja walikikata, mguu ulibaki.

Siku aliyotoka hospitali nilimwomba msamaha nikilia. Nikamwomba pia anisamehe kwa kumnyima munkoyo alioupenda.

Akacheka. "Kuupenda? Ile sakarini yako ilikuwa inaniachia uchungu mudomo muzima."

"Sasa ulikuwa unakunywa juu ya nini?"

"Juu ulikuwa unaamka mapema kunitengenezea, mama. Ningekataa namna gani?"